Mungu wa mwarobaini, na majirani zetu wa Kisutu

Sisi watu wa Dar es Salaam tunajisifu kwamba dini kwetu hazigombani. Adhana na kengele vinapishana bila shida, na ukikatiza Mtaa wa Kisutu unapita mahekalu ya Wahindu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaonea kero. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Ila tangu nihamie Bhubaneswar, mashariki ya India, naiona amani yetu kwa jicho jingine. Ni amani ya watu wasioulizana. Miaka nenda rudi tunapita mbele ya mageti yale, fataki za Diwali tunazisikia, lakini muulize mtoto wa mjini mle ndani anaabudiwa nani. Atakutajia methali ya Baniani na kiatu chake, basi.

Huku mambo ni kinyume. Kilomita kama 60 kutoka ninapoishi kuna mji wa Puri, kando ya Ghuba ya Bengal, penye hekalu la Jagannath la karne ya 12. Mimi siruhusiwi kuingia. Asiye Mhindu haingii, na hilo halina mjadala: hata Indira Gandhi, akiwa waziri mkuu, alikataliwa mwaka 1984 kwa hoja kwamba mumewe alikuwa Mparsi, yaani mtu wa dini ya Zoroasta. Lakini kisa cha mungu wa humo nimekisikia kwa muuza chai, kwa dereva wa bajaji na kwa wenzangu kazini, kila mmoja akikiongezea chumvi yake.

Jagannath si sanamu ya jiwe wala shaba. Anachongwa kwa mti wa mwarobaini, huu huu ambao bibi zetu wanatuchemshia majani tukipata homa. Uso mweusi, macho ya duara makubwa kama sinia, mikono vigutu, miguu hana. Pembeni yake yuko kaka yake Balabhadra, mweupe, na katikati yao dada yao Subhadra, wa manjano.

Kwa nini yuko hivyo? Wanasimulia kwamba zamani aliabudiwa kwa siri msituni na Vishvavasu, mkuu wa Wasavara, kabila la msituni. Mfalme Indradyumna akamtuma kuhani Vidyapati amtafute. Vidyapati akamwoa binti wa Vishvavasu, akambembeleza mkwewe mpaka akakubali kumpeleka, kwa sharti afungwe macho. Kijana mjanja akaenda akidondosha mbegu za haradali njia nzima. Mvua iliponyesha zikaota, na njia ikajulikana. Baadaye akatokea seremala mzee, akasema atachonga sanamu kwa siku 21, mlango umefungwa, na asichunguliwe. Malkia Gundicha aliposikia patasi imenyamaza alihofu mzee amekufa. Mlango ukafunguliwa kabla ya siku. Seremala hayupo, sanamu hazijaisha, na hazikumaliziwa tena. Wanaojihesabu kizazi cha yule binti wa msituni ndio wanaomuuguza Jagannath mpaka leo.

Ndiyo, kumuuguza. Kabla ya sikukuu kuu anaogeshwa hadharani kwa mitungi 108 ya maji, anashikwa na homa, anafungiwa kama wiki mbili akipewa matunda na dawa za miti shamba. Akipona ndipo anapotoka, Juni au Julai, kwa Rath Yatra, sikukuu ya magari. Magari matatu ya mbao hujengwa upya kila mwaka. Lake lina magurudumu 16 na linakaribia kimo cha mita 14. Mfalme wa Puri mwenyewe hupanda kulifagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Halafu watu wanashika kamba na kuvuta kuelekea hekalu la Gundicha, na barabarani pale hakuna anayesimama kukuuliza dini yako.

Kinachonifurahisha zaidi ni siku ya tano ya sikukuu. Jagannath ameondoka na ndugu zake na kumwacha mkewe Lakshmi nyumbani. Mama anamfuata, anamvunjia kipande cha gari, anarudi zake. Bwana akija kurejea anakuta mlango umefungwa, mpaka ampe rasgulla, zile tufe nyeupe za maziwa kwenye shira. Wanawake wa Tanga na Unguja wangemuunga mkono bila kusubiri maelezo.

Sisemi huku ni peponi. Chumba nimewahi kunyimwa mara tu mwenye nyumba alipolisikia jina langu la Kiislamu. Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, habari ya jina la babu yako haimhusu. Na sikukuu yenyewe ina hatari zake: mwaka 2025 watu 3 walifariki kwa msongamano karibu na hekalu la Gundicha. Kwa maisha ya kila siku, kwetu ni bora, na wala sioni haya kulisema.

Nikiyasema haya kwa ndugu zangu nyumbani, hunijibu kwamba kuulizana mambo ya dini ndiko kunakozaa ugomvi, heri kila mtu na lwake. Nawapa habari ya Salabega, mshairi wa karne ya 17, baba yake Mwislamu, aliyemtungia Jagannath nyimbo zinazoimbwa mpaka sasa. Naye hakuruhusiwa kuingia. Inasemekana mwaka mmoja alichelewa safarini, akiwa mgonjwa, na gari likagoma kusogea mpaka alipofika. Kaburi lake liko kwenye barabara hiyo hiyo, na kila mwaka gari husimama hapo.

Kwa hiyo mlioko Dar, Navratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, ikifika na ngoma za dandia zikaanza kusikika, muulizeni jirani wa Kisutu wanamchezea nani. Na ninyi wenye mahekalu, msingoje tuulize. Tokeni mtusimulie.