Lushoto: umlipe guide au utembee mwenyewe?

Kila sikukuu watu wa Dar na Arusha wakipanda Lushoto, kule milima ya Usambara, swali linarudi lilelile, kwanini nimlipe mtu anionyeshe njia kwenye nchi yangu mwenyewe? Mi naielewa hiyo hoja na kwa Irente, ule ukingo wa mlima wa kutazama mandhari, naiunga mkono kabisa. Kutoka mjini mpaka ukingoni kule ni kilomita chache tu za barabara ya vijijini, unapita katikati ya mashamba ya kabichi na karoti, ukichanganya njia unamuuliza mama yeyote anayelima anakuelekeza, unafika unaona Mazinde na nyika yote imetandaa chini huko, umelipa kiingilio chako basi. Mwanafunzi aliyejibana mpaka akapata nauli ukimwambia alipie na guide kwa hiyo safari, mwakani hatarudi.

Ila msitu wa Magamba ni habari nyingine jamani. Mule njia zinagawanyika na ukungu ukishuka humuoni hata mwenzako aliye mbele. Na hata usipopotea utapita vitu vingi bila kuviona. Mfano kinyonga wa pembe mbili wa Usambara, mchana amejichanganya na majani humjui, lakini usiku mwenyeji akipiga tochi anakuonyesha huyo hapo, amelala kwenye kitawi kembamba, rangi imepauka, mkia kaukunja. Peke yako humpati huyo.

Halafu kuna suala la kipato. Vijiji vinavyouzunguka msitu vinahitaji kuni na mbao, sasa kijana anayekula kwa kutembeza wageni ana sababu ya kutotaka mti ukatwe. Hili wanaopinga maguide huwa wanaliruka.

Kinachowakera watu zaidi, kwa ninavyoona, ni kuvamiwa stendi ukishuka tu kwenye basi, na bei unayotajiwa inategemea umevaaje. Pia Mzungu anapewa historia nzima, tangu Wajerumani walivyoiita Lushoto Wilhelmstal, we Mtanzania unaambiwa "twende". Umelipa na wewe, unastahili kusimuliwa!

Kwa hiyo mi nasema msituni guide awe lazima, bei ibandikwe ukutani pale mjini kila mtu aisome, ya wenyeji na ya wageni, na guide awe na kitambulisho. Irente waacheni watu watembee wenyewe, anayetaka guide atamtafuta.