Riba iliyokosewa kwenye kredi ya minervali: kurudisha tofauti au kuhesabu upya?

Kongo haina bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi inayofanana na HELB ya Kenya au HESLB ya Tanzania. Hapa Goma, mzazi aliyepungukiwa minervali, yaani ada ya masomo, ya vyuo vikuu kama UNIGOM au ULPGL huenda kwenye COOPEC, ushirika wa akiba na mikopo, anachukua kredi ya miezi michache na kuacha sehemu ya akiba yake iwe dhamana. Hesabu ya riba ikikosewa, kulithibitisha kosa huwa rahisi kuliko kukubaliana litengenezwe vipi.

Tuchukue mkopo wa dola 600, riba 2.5% kwa mwezi, miezi 10. Kontra (mkataba) inasema riba ihesabiwe juu ya deni lililobaki. Kila mwezi deni la msingi linapungua dola 60, kwa hiyo riba ya mwezi wa kwanza ni 15, wa pili 13.50, wa tatu 12, mpaka 1.50 mwezi wa mwisho. Jumla ni dola 82.50. Lakini programu ya taasisi iliwekewa riba isiyoshuka, ikatoza 15 kila mwezi. Mkopaji akalipa 75 mara kumi, na riba ikafika 150.

Wahasibu wengi hupenda njia fupi: toa 82.50 kwenye 150, mrudishie 67.50, funga faili. Njia ya pili inarudi siku ya kwanza na kupanga kila malipo upya kwa tarehe yake. Mwezi wa pili riba halali ni 13.50, basi katika zile 75 alizotoa, 61.50 zinapunguza deni badala ya 60. Salio linabaki 478.50, riba ya mwezi wa tatu inakuwa 11.96, na hesabu inaendelea kushuka hivyo. Mwezi wa kumi ukifika, anadaiwa dola 2.81 tu, riba ikiwemo. Riba yote ni 77.81, na stahili yake ni 72.19. Njia fupi imemnyima dola 4.69.

Upande wa taasisi una hoja nzito. Fedha za COOPEC ni za wanachama wenyewe, na kila dola inayorudishwa inatoka kwenye akiba ya wote. Kontra haikupanga malipo ya mapema, kwa hiyo wanasema ile ziada haiwezi kuhesabiwa kama imepunguza deni. Kuna pia hatari ya kazi yenyewe: ukiendesha sahihisho moja kwenye akaunti zote, mikopo iliyopangwa upya au iliyolipwa nusu kabla ya wakati inaweza kuharibika ilhali ilikuwa sawa. Na vitabu vya mwaka uliofungwa, vikianza kufunguliwa ovyo, vinafungua mlango wa wizi.

Hofu hizo ni za kweli, lakini zinahusu namna ya kuandika sahihisho, hazigusi kiasi anachostahili mkopaji. Unaweza kuhesabu upya tangu siku ya kosa pembeni, kisha ukaingiza tofauti yote kwa tarehe ya leo. Ingizo la zamani halifutwi. Linapingwa kwa ingizo la kinyume, lenye namba na sahihi, ili mkaguzi aone nyayo zote mbili. Kabla ya kugusa akaunti zote, hesabu kwa mkono akaunti chache za kila aina: iliyolipwa vizuri, iliyochelewa, iliyopangwa upya. Kuhusu ziada, taasisi ilikaa na fedha za mkopaji na kuzitumia. Kama dola iliyo mkononi mwa mkopaji inazaa 2.5%, dola yake iliyo mikononi mwa taasisi haiwezi kuhesabiwa bure. Na sheria ya mikataba ya Kongo, dekreti ya 30 Julai 1888, inamtaka aliyepokea kisichokuwa haki yake akirudishe.

Haki inadai pia kusema kwamba malalamiko mengi si makosa. Kama kontra yenyewe imeandika riba isiyoshuka, zile 150 ni ghali sana, lakini ndizo zilizosainiwa. Vivyo hivyo kuhesabu riba kwa mwaka wa siku 360: kwa 30% kwa mwaka, dola 600 zinazaa senti 50 kwa siku, badala ya 49 na kitu za mwaka wa siku 365. Hilo ni sharti la kontra, na linapaswa kupingwa kabla ya kusaini.

Kosa halisi hujificha kwenye tarehe. Malipo ya Airtel Money yaliyoingia Ijumaa yakaandikwa Jumatatu yanaongeza siku tatu za riba, na mara nyingi faini juu yake. Ukilipa kwa franka deni la dola, tarehe ile ile inabadilisha kiwango: kwa mfano, franka 150,000 kwa kiwango cha 2,800 kwa dola ni dola 53.57, kwa 2,850 ni 52.63. Kubwa zaidi ni faini inayohesabiwa juu ya deni zima. Kama umechelewesha rejesho la dola 60 na faini ni 10%, unadaiwa 6. Programu ikichukua salio la 420, inakutoza 42. Faini hiyo ikiingizwa kwenye deni la msingi, nayo inaanza kuzaa riba.

Basi omba releve (taarifa ya akaunti) ya tangu siku ya kwanza, ilinganishe na tablo ya malipo (ratiba yake), borodero (stakabadhi za kuweka fedha) na ujumbe wa simu wenye namba ya muamala. Andika barua inayotaja mstari na tarehe, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ikikwama kwa meneja, ipeleke kwenye baraza la uangalizi la COOPEC, halafu Benki Kuu.

Swali gumu zaidi ni la Goma yenyewe. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, mabenki yalifunga gishe (madirisha ya huduma), na taasisi zilizoweka fedha humo zikakwama. Je, riba iliyoendelea kuhesabiwa ni kosa? Taasisi inasema fedha zilibaki kwa mkopaji. Mkopaji anasema alikuwa nazo, akakosa pa kuzipeleka. Faini haina utetezi: huwezi kumtoza mtu kwa kuchelewa kufika kwenye mlango uliofungwa. Riba ya kawaida ina utetezi, isipokuwa pale mwanachama alipokuwa na akiba katika taasisi ile ile asiyoweza kuitoa. Mwenye deni la 420 na akiba ya 300 iliyozuiwa alipaswa kutozwa riba ya 120 tu kwa muda wote wa kufungwa, na hesabu hiyo inawezekana kufanywa leo kwa sababu salio zote mbili ziko kwenye mashine moja.