Moto wa Mufindi, maji ya Usangu: tunacheza mchezo gani na hewa ukaa?

Kila mwaka, kabla majani hayajakauka kabisa, sisi wenye mashamba ya miti huku Mufindi tunafyeka njia za moto. Shamba letu limepakana na mengine manne. Ni kazi ya siku mbili tatu: unafyeka ukanda mpakani, unakwangua mpaka udongo mtupu uonekane, unasomba matawi makavu ya misindano na kuyatupa mbali. Kuna mwaka jirani mmoja hakufyeka upande wake. Septemba moto ukatoka bondeni, ambako mtu alikuwa anachoma majani ya shamba, ukapita palepale kwenye pengo. Miti yetu iliyoungua ilikuwa na miaka saba. Ya kwake iliteketea yote.

Moto ule hunijia kila ninaposoma wachumi wakieleza kwa nadharia ya michezo, yaani hesabu za maamuzi ambamo matokeo ya kila mmoja yanategemea pia atakachofanya mwenzake, kwa nini dunia inashindwa kupunguza hewa ukaa, gesi inayoipasha dunia joto. Kwa kawaida huanza na mahabusu wawili waliofungiwa vyumba tofauti. Kila mmoja anaambiwa: mtaje mwenzako, naye akinyamaza utaachiwa huru. Wakinyamaza wote, kifungo ni kifupi. Wakitajana, ni kirefu. Kila mmoja akipiga hesabu peke yake anaona afadhali ataje, vyovyote atakavyofanya mwenzake. Basi wanatajana, na wote wanaumia. Kisa hicho alikitunga Albert Tucker, mwanahisabati mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1950. Weka nchi mahali pa mahabusu: gharama ya kupunguza moshi naibeba mimi, faida inagawanywa dunia nzima, kwa hiyo bora wapunguze wengine.

Wanaoshikilia mfano huu wana ushahidi. Itifaki ya Kyoto ya 1997 ilizipangia nchi tajiri viwango vya kupunguza. Marekani haikuiridhia. Kanada ilipoona imekwenda mbali na lengo lake, ilitangaza kujitoa mwaka 2011, na hakuna aliyeiadhibu. Mkataba wa Paris wa 2015 ukalegeza zaidi: kila nchi ijiandikie lengo lake, na isiyolifikia haitozwi kitu. Marekani ilitoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Rais Trump akasaini amri ya kutoka tena.

Upande wa pili wanasema mfano wa mahabusu umepitwa na wakati, na hapo ndipo njia zetu za moto zinapoingia. Majirani wote wakishafyeka, mimi sina sababu ya kutegea, kwa sababu pengo litakalobaki ni langu na miti itakayoungua ni yangu. Kinachohitajika ni kuaminiana tu. Wanatoa mfano wa umeme wa jua, ambao gharama yake kwenye mitambo mikubwa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 2010 na 2020. Nchi inayojenga mitambo hiyo leo inajinufaisha yenyewe kwanza. Ndiyo maana China, inayotoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa ya dunia, imeendelea kufunga paneli hata Marekani ilipogeuka nyuma.

Hoja hii naipenda, na kwa umeme naikubali. Ila saruji, chuma na safari za ndege bado hazina njia ya bei nafuu kama paneli. Tena kuna jambo ambalo mifano yote miwili inaliruka: inachukulia kwamba wachezaji wamekaa usawa.

Shuka kutoka Mufindi hadi bonde la Usangu, Mbarali, uone mchezo mwingine. Kwenye mfereji wa mpunga, mwenye jaruba la juu hufungulia maji kwanza. Wa chini husubiri kitakachobaki. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, na walioumia hasa si waliofungulia maji Usangu. Ni viboko na samaki wa Hifadhi ya Ruaha. Mwenye jaruba la juu anaweza kutegea miaka yote na asikauke hata siku moja.

Hewa ukaa inafanana zaidi na mfereji huo kuliko njia ya moto. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Mtanzania wa kawaida hafikishi nusu tani kwa mwaka. Mmarekani anapita tani 13. Mkulima wa mahindi Iringa mvua zikimchezea hana la kutegea, maana hana anachopunguza.

Sasa dawa ipi? William Nordhaus, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2018, alipendekeza klabu ya nchi zinazopunguza, na zilizo nje zitozwe ushuru mpakani. Umoja wa Ulaya umeanza mwaka 2026 kutoza saruji, chuma, aluminiamu na mbolea zinazoingia kwake kulingana na hewa ukaa iliyotoka kwenye utengenezaji. Kwa hesabu za mchezo ni hatua sahihi: anayetegea aumie. Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyookoa tabaka la ozoni, ilizuia biashara ya kemikali zinazoliharibu na nchi zisizojiunga, na leo nchi zote zimo. Lakini wanaoisifu kwa rungu lake wasisahau mfuko wake. Mwaka 1990 zilikubaliwa fedha za kusaidia nchi maskini kubadili mitambo. Rungu bila mfuko linampiga wa chini kwa kosa la wa juu.

Na kwenye mfuko ndipo uaminifu ulipovunjika. Dola bilioni 100 kwa mwaka ambazo nchi tajiri ziliziahidi nchi zinazoendelea kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 zilipaswa kufikiwa 2020, zilifikiwa 2022. Mwaka 2024 huko Baku ikaahidiwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zimeomba trilioni 1.3. Katika mchezo unaorudiwa, anayechelewesha ahadi ya kwanza hulipia kwenye ya pili.

Baada ya ule moto tulikaa kikao cha kitongoji. Tukapanga faini kwa asiyefyeka, na jirani yule alikuwa wa kwanza kuikubali. Upande wa mashariki kuna bibi mjane ambaye hawezi tena kushika fyekeo. Yeye hakutozwa. Tulikwenda watu tisa asubuhi moja, kwa mgowe, yaani kazi ya kusaidiana, na kufika saa sita mpaka wake ulikuwa udongo mtupu.