Upanga Unaomtazama Aliyeushika

Filamu ya katuni ya Rurouni Kenshin, iliyotoka Japani mwaka 1997, wengi huitazama kwa sababu ya mapigano. Mapigano ni mazuri kweli, lakini asiyeuchunguza upanga wa Kenshin, muuaji wa zamani aliyeapa kutoua tena, ameikosa nusu ya hadithi.

Katana ya kawaida, upanga wa samurai (wapiganaji wa Japani ya zamani), imepinda kidogo, na makali yake yako upande wa nje wa mpindo. Huchomekwa mkandani, ubavu wa kushoto, makali yakielekea juu. Wakati wa kuuchomoa, kidole gumba cha kushoto husukuma kikinga mkono mpaka upanga uachie mdomo wa ala. Mkono wa kulia huvuta mpini, wa kushoto huirudisha ala nyuma. Upanga huteleza kwa mgongo wake juu ya mti wa ala, na makali hayakwaruzwi.

Upanga wa Kenshin, sakabato, umegeuzwa: makali yako ndani ya mpindo. Ukiuvaa vilevile, makali ndiyo yanayosugua mti kila unapouchomoa. Na Kenshin akiuinua juu ya kichwa tayari kupiga, makali yanamwelekea yeye. Kabla hajampiga mtu yeyote, amejielekezea upanga mwenyewe.

Tena si upanga wa huruma kama watu wanavyodhani. Kilo moja ya chuma ikishuka kwa nguvu huvunja mtulinga, na hupasua fuvu hata bila makali. Chuma chenyewe pia kina kikomo. Fundi huupaka upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kisha huuchoma na kuuzamisha majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu, mgongo hubaki laini. Ukipiga kwa mgongo, makali ya upande wa pili ndiyo yanayovutwa, na chuma kigumu kikivutwa hupasuka. Kwa hiyo kiapo cha kutoua ni kazi ya kila pigo: wapi pa kupiga, kwa nguvu kiasi gani.

Sasa hadithi. Kenshin alikuwa muuaji wa siri wa wanamapinduzi walioung'oa utawala wa ukoo wa Tokugawa mwaka 1868. Miaka imepita, yuko Yokohama, anakutana na Takimi Shigure, mpiganaji wa upande ulioshindwa, na Toki, dada wa Gentatsu. Gentatsu alikuwa rafiki wa Shigure, na aliyemuua ni Kenshin. Shigure anapanga uasi dhidi ya serikali mpya, ya Meiji. Mpaka hapa filamu imesimama imara, kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kwamba amekosea kuumia.

Kinachoniudhi ni afisa wa serikali anayewachezea waasi kwa faida yake. Akishaingia yeye, lawama yote ina pa kutua, na mapinduzi yenyewe yanatoka mikono safi. Historia haikuwapa Wajapani nafuu hiyo. Eto Shimpei alikuwa waziri wa sheria wa serikali mpya. Mwaka 1874 aliongoza uasi wa Saga, akakatwa kichwa na serikali hiyohiyo. Mwaka 1876 samurai walipigwa marufuku kubeba panga hadharani, na posho zao za urithi zikafutwa. Mwaka uliofuata Saigo Takamori, jemadari wa mapinduzi, aliinuka huko Kagoshima, akafa tarehe 24 Septemba. Serikali iliyomzima iliongozwa na Okubo Toshimichi, aliyekua na Saigo mtaa mmoja. Haikupita hata miezi minane, tarehe 14 Mei 1878, Okubo naye akauawa kwa panga jijini Tokyo. Katika vita vya Saigo, polisi walioshika panga kuwakabili waasi walikuwa na watu wa Aizu kati yao, jimbo lililokuwa upande wa Tokugawa, waliopigwa na jeshi la mapinduzi miaka tisa kabla. Hapo huhitaji afisa mwovu. Watu hawa wote waliamini walichokifanya.

Kwenye uchoraji sina ugomvi na filamu. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, lakini katuni za Kijapani mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde. Siri ya pigo la upanga ni kuugawa muda huo bila usawa: mwili unatulia kabla, upanga unapita kwa fremu moja au mbili tu, halafu kila kitu kinasimama tena. Mchoraji akizigawa hatua sawasawa, upanga unaelea kama uko majini, na mtazamaji haamini kwamba kuna mtu ameumia. Huo utulivu baada ya pigo ndio unaotupa nafasi ya kumtazama Kenshin usoni.

Anayetaka kuitazama na atenge muda kwanza kwa mfululizo mfupi wa katuni za Kenshin wa 1999, sehemu nne, ulioongozwa na Furuhashi Kazuhiro. Ndani yake tunamwona Kenshin kijana huko Kyoto, akitumwa usiku kuua watu asiowajua, na tunaona alama ya msalaba shavuni mwake ilivyochorwa, mkato mmoja baada ya mwingine. Ndipo uende kwenye filamu ya 1997 na umsikilize Toki anapomtaja kaka yake.