Lami ikipasuka mapema, tusimkamate dereva wa lori peke yake

Barabara kuu ikianza kubonyea kabla ya wakati wake, wa kwanza kulaumiwa ni lori. Lawama hiyo ina msingi. Majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa madhara ya ekseli (mhimili unaobeba magurudumu) hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito: ekseli ya tani 12 huumiza barabara mara mbili ya ile ya tani 10. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, ina sababu nzito. Wasafirishaji wanaolalamikia foleni za mizani wana haki ya kudai huduma ya haraka, lakini mizani lazima ibaki.

Ila mizani haielezi kwa nini mitaa ya Dar es Salaam isiyopitiwa na malori hayo nayo inachakaa. Huko mharibifu mkubwa ni maji. Mtaro ukiziba, maji hutuama pembeni, hupenya hadi tabaka la msingi na kulilegeza. Angalia ufa siku moja baada ya mvua: daladala ikikanyaga, tope jembamba linaruka juu. Tope hilo linatoka chini ya lami. Barabara inaliwa kwa ndani, na kiraka juu yake ni hasara tupu.

Dalili hutofautiana. Nyufa za ngozi ya mamba kwenye mapito ya matairi huashiria uzito uliozidi au msingi dhaifu. Kwenye mwinuko kama Kitonga, ambako malori hupanda polepole juani, lami hubonyea mabonde marefu, na hapo mchanganyiko wenyewe wa lami uchunguzwe. Udongo mweusi nao huvimba masika, husinyaa kiangazi, ukaacha nyufa ndefu kando ya barabara.

Kwa hiyo tathmini ya kuchungulia dirishani mwa gari haitoshi. Wahandisi husema kuchimba mashimo ya uchunguzi kila mahali ni gharama, na kwa mtandao mzima ni kweli. Lakini kipande kilichozibwa mara mbili na kufumuka tena kichimbwe, unene wa matabaka, unyevu na ushindiliaji vipimwe, kisha matokeo yatangazwe. Unene ukikutwa pungufu ya mkataba, mkandarasi arudi kukijenga upya kwa fedha zake.