Siku 63 za Malkia

Nimekuwa karani wa ghala kwa miaka 22, na kazi hiyo imeniachia imani moja isiyotikisika, kwamba kitu ambacho hakijaandikwa daftarini hakipo. Kwa hiyo nilipoamua kuzalisha mbwa, cha kwanza nilichonunua hakikuwa chakula wala dawa bali daftari la kurasa 96 lenye jalada gumu, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: MIMBA YA MALKIA. Daftari hilo ninalo hadi leo. Mke wangu hulitoa kabatini kila tunapotembelewa na wageni.

Malkia ni mbwa jike wa Kijerumani, wa ile jamii ya wachungaji wenye masikio yaliyosimama, niliyeuziwa akiwa mdogo na mzungu mmoja aliyekuwa akihama Jinja, mji wetu hapa Uganda. Mbwa wetu wa pili hakuuzwa na mtu wala hakununuliwa na mtu. Alikuja tu siku ya mvua, koko wa rangi ya mchanga mwenye sikio moja lililokatika ncha, akalala chini ya mwembe wetu hapa Walukuba. Jirani aliponiuliza kwa ukali mbwa yule ni wa nani, nilimjibu kwamba sijui. Kesho yake akauliza tena, nikamjibu vilevile. Watoto wangu waliokuwa wakisikiliza dirishani walidhani hilo ndilo jina lake, na kwa kuwa alikuwa akiitika, akabaki kuwa Sijui. Daftarini hakuingia, maana hakuwa mali.

Biashara yenyewe niliipangia kwa makini. Niliwatumia watu ninaofahamiana nao tangazo refu kwa simu, nikiwaeleza kwamba jamii hii ya mbwa iliandikishwa rasmi mwaka 1899 na afisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, kuanzia kwa dume mmoja aitwaye Horand, na kwamba mtu atakayenunua kwangu atakuwa amenunua historia. Watu watatu waliamini, wakaleta malipo ya awali ya shilingi 50,000 kila mmoja kabla hata Malkia hajaingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Dume nilimpata Bugembe. Mkataba niliuandika mwenyewe, kwa nakala mbili: mwenye dume angelipwa shilingi 300,000 au angechagua mtoto mmoja, na dume wake, kwa maneno yangu mwenyewe ambayo nimeyasoma mara nyingi tangu siku hiyo, "atampandisha mbwa jike aliyepo nyumbani kwa mteja."

Daktari wa mifugo, kijana mpole anayekuja kwa pikipiki, alinieleza yote. Joto la mbwa jike huchukua takribani wiki 3. Damu ya siku za mwanzo ikififia na kuwa kama maji ya majani makavu, na jike akaanza kupeleka mkia pembeni, ndipo huwa tayari, mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 14. Wakipandana hunasana, mgongo kwa mgongo, kwa dakika 10, 20, hata 30, na mtu asithubutu kuwamwagia maji kama watoto wa mtaani wanavyofanya.

Nikakaa kwenye kigoda na saa yangu nikingojea huko kunasana. Dume alimpanda Malkia mara tatu, na mara zote tatu Malkia aliketi chini kwa utulivu kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Mara ya nne alimng'ata sikio. Nilijumlisha dakika za majaribio yote nikapata 11, na kwa kuwa 11 iko kati ya 10 na 30, niliandika: "Tarehe 14 Machi, saa 11 jioni. Kazi imekamilika."

Dume alilala kwetu usiku wa pili pia, kwa ajili ya uhakika, nikamfunga kwenye mwembe kwa kamba ya katani. Asubuhi niliikuta kamba imetafunwa ikawa vipande viwili, na dume amelala ubavu, ulimi nje, usingizi wa kibarua aliyeshusha lori zima la saruji peke yake. Sijui alikuwa amejikunja kando yake. Niliandika: "Kamba 1, imeharibika."

Kuanzia hapo nilihesabu siku. Mimba ya mbwa huchukua siku zipatazo 63, na tarehe 14 Machi ukiongeza siku 63 unafika tarehe 16 Mei, ambayo niliizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya sebuleni. Wiki ya nne daktari alishauri tumpeleke Malkia Kampala akapigwe ultrasaundi, kwa sababu baada ya siku ya 25 hivi mapigo ya mioyo ya watoto huanza kuonekana. Nilipiga hesabu ya kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, pamoja na nauli ya abiria mwenye meno, nikamwambia kwamba tumbo nitalisoma kwa macho yangu.

"Mzee wangu," akasema, "tumbo si ushahidi."

Nami nikamwonyesha daftari.

Na kweli tumbo lilijaa. Chuchu zilivimba, Malkia akawa mzito, akawa anakwaruza mikeka kana kwamba anatandika kitanda. Wiki ya sita nilimwongezea chakula kama nilivyoelekezwa: posho, yaani ugali, na dagaa tunaowaita mukene asubuhi, maini na mayai jioni. Nilimnunulia na unga wa mifupa, lakini daktari aliuchukua na kuondoka nao, akisema kwamba chokaa ya ziada, yaani kalsiamu, wakati wa mimba huuzoesha mwili uvivu, na mama akishaanza kunyonyesha anaweza kuanguka kwa degedege. Malkia alikuwa akila nusu tu. Nusu nyingine ilitoweka kila siku, sufuria ikabaki safi iking'aa, nami niliandika kwamba hamu yake ya kula huja usiku. Sijui naye alikuwa akinenepa, jambo ambalo nililihesabu kuwa ni uvivu wake.

Jirani yetu wa upande wa pili ni bibi aliyewahi kuwa mkunga. Jioni moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akabaki ameegemea ua wa michongoma akitazama uani kwetu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huyu anazaa lini?"

"Tarehe 16, bibi. Yote yameandikwa."

"Simuulizii huyo aliyelala kwenye zulia," akasema. "Namuulizia yule aliye chini ya mwembe."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba yule hata daftarini hayumo.

Sasa nifike kwenye kipimajoto. Joto la kawaida la mbwa, daktari alisema, ni nyuzi 38 na nusu hivi, na hushuka chini ya 37.2 siku moja hivi kabla ya kuzaa, kwa hiyo wiki ya mwisho nilikuwa nikimpima Malkia asubuhi, mchana na jioni, kwa njia ambayo mbwa hupimwa na ambayo yeye hakuipenda. Jioni ya tarehe 16 kipimajoto kilikuwa juu ya meza, kile cha zebaki ambacho hakishuki mpaka ukikung'ute, nacho kilisoma 36.8. Nikajua kwamba kijana wangu mkubwa ndiye aliyenitangulia kumpima. Nyumba nzima niliiamsha kwa makelele. Niliwapigia simu wateja wote watatu. Nilichemsha uzi na mkasi, nikaweka tayari taulo, dawa ya kidonda ya kahawia na mizani ya kupimia sukari, nikambeba Malkia hadi stoo ya nyuma ya jikoni, ambako nilikuwa nimetengeneza sanduku la mbao lenye ubao mwembamba kuzunguka ndani, ili mama akijilaza asiwabane watoto ukutani. Niliwasha sigiri ili pawe na joto, na kwa sababu hewa ya makaa huua watu wakiwa usingizini, mlango niliuacha wazi kama nilivyoonywa.

Saa 3 usiku mvua ikaja na umeme ukaondoka. Nilikaa kwenye kigoda changu, daftari mapajani. Sikumbuki nilisinzia saa ngapi, na hilo ndilo pengo pekee katika kumbukumbu za mimba ile.

Nilizinduliwa na mlio mwembamba, kama wa mlango unaohitaji mafuta. Ilikuwa saa 8 usiku. Niliwasha tochi, ambayo betri zake zilikuwa zimechoka kuliko mimi, nikaona ndani ya sanduku kitu cheusi kilicholowa kikijikokota kuelekea kwenye chuchu. Mwanga wote niliuelekeza upande wa nyuma, ambako kazi ilikuwa inafanyika. Uso sikuwa na haja nao. Baada ya kama nusu saa mama alijikaza, kikatoka kifuko kama puto la maji, naye akakichana, akakilamba, akakata kitovu, akala kondo la nyuma, yote hayo bila kuniuliza. Mtoto wa tatu alitoka amelegea. Nilimshika ndani ya taulo, kichwa chini kidogo, nikamfuta pua na mdomo, nikamsugua mgongo jinsi mtu anavyosugua doa kwenye kola ya shati, nikisugua na kuomba dua kwa pamoja, mpaka alipofungua kinywa na kunipigia kelele. Mikono ilinitetemeka. Mama akanyoosha shingo akanilamba vidole. Malkia hajawahi kunilamba vidole tangu nimnunue, nikaona jinsi uzazi unavyolainisha tabia.

Niliandika kila kitu: saa, jinsia, uzito. Walikuwa na gramu 300 na kidogo, wadogo kuliko nilivyosoma, lakini niliilaumu mizani ya sukari. Makondo nayo niliyahesabu kwa kuwa lisipotoka moja mama huugua: watoto 7, makondo 7, hesabu imefunga. Saa 11 alfajiri nilimpigia simu mteja wa kwanza, dereva wa lori la mizigo, nikamtangazia kwa sauti iliyokatika kwamba Malkia amejifungua salama watoto saba.

Wakati bado nazungumza naye, umeme ulirudi. Taa ya stoo ikawaka, nami nikaona sikio lililokatika ncha. Nikamtazama Sijui. Naye akanitazama kwa adabu zote, kama mpangaji aliyekuta chumba kiko wazi na moto umeshawashwa.

Malkia tulimpata chini ya kitanda cha watoto, amelalia ndala sita, mbili zikiwa zangu za mguu wa kushoto. Alikuwa amezipanga kifuani, anazilamba moja baada ya nyingine, na kijana wangu aliponyoosha mkono kuchukua yake, alingurumiwa kwa namna ambayo alikwenda shuleni na viatu vya Jumapili. Hapo ndipo mke wangu aliponiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kile kipimajoto alichompimia kitinda mimba kwapani jana jioni nimekipeleka wapi.

"Nilikuwa nakitumia, mama watoto."

"Unakitumia kwa nani?"

Nitaruka sehemu hiyo.

Daktari alikuja kabla ya adhuhuri. Alimbonyeza Malkia tumboni, akakamua chuchu moja, likatoka tone la maziwa, na maziwa hayo yalinipa tumaini kwa muda wa kama sekunde 4. Mimba ya uongo, akasema. Alieleza kwamba mwili wa mbwa jike baada ya joto hupitia mabadiliko yaleyale, awe amepandwa au hakupandwa, na homoni ya mimba inaposhuka, ya maziwa hupanda, hivyo wiki ya sita hadi ya tisa wengine huvimba, hutandika, hutoa maziwa na kujitafutia watoto popote. Maziwa yasikamuliwe, kwa kuwa yangezidi. Ndala ziondolewe. Baada ya wiki 2 au 3 angepona mwenyewe.

Ndala hazikuhitaji kuondolewa. Siku ya tatu Malkia alisikia mlio wa watoto, akaenda mlangoni pa stoo, akasimama. Sijui alinguruma mara moja, kisha akachoka. Saba si wachache kwa mbwa aliyelelewa na mabaki. Daktari aliruhusu, mradi nikae karibu, na Malkia akaingia sandukuni akajilaza upande wa pili, watoto watatu wakahamia kwake. Ila alikuja na ndala moja mdomoni, akailaza katikati ya watoto, na kwa wiki nzima kila nilipohesabu gizani nilipata wanane.

Mwenye dume wa Bugembe alikuja kuangalia. Nilimweleza kwamba malipo hayapo kwa sababu Malkia hakushika mimba. Akatoa nakala yake ya mkataba, akanisomea mwandiko wangu: mbwa jike aliyepo nyumbani kwa mteja. Alichagua dume mnene kuliko wote.

Kisha, wiki ya tano, akaja yule dereva. Watoto walikuwa wameshafunguka macho siku nyingi na walikuwa wakikimbia uani, wana migongo myeusi ya baba yao na miguu mifupi ya upande mwingine, kila mmoja sikio moja limesimama na jingine limelala. Alimnyanyua mmoja akamgeuzageuza.

"Baba yao nilimwona kwenye picha," akasema. "Mama yao ni yupi?"

Nilikuwa nimejiapia kutompotosha mteja.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama kwa muda. "Mzee, ulinipigia simu alfajiri ukilia. Ulikuwa nao usiku kucha. Leo hujui mama yao?"

"Namjua vizuri sana. Ni Sijui."

Naye Sijui, kwa kusikia jina lake likitajwa mara mbili kwa sauti kubwa, akatoka stoo akitikisa mkia, chuchu zikining'inia, akaja kuketi juu ya mguu wangu. Dereva alilitazama sikio lake lililokatika, akamtazama mtoto aliyembeba, ambaye wakati huo alikuwa amekamata kola ya shati lake kwa meno na hataki kuachia. Halafu akaniuliza, kwa mbwa wa Sijui, ninapunguza ngapi.