Hesabu isomwe wapi?

Huwa naulizwa mmisionari atalea vipi viongozi katika nchi isiyo yake. Ibada ikishaisha, watu wakiwa bado nje wanashindania mkungu wa ndizi mnadani, ndani ya ofisi ya usharika kuna meza inayofundisha uongozi kuliko semina nyingi za hotelini hapa Arusha. Sadaka imemwagwa mezani. Wazee wa kanisa wawili watatu wananyoosha noti na kuzipanga, elfu kumi huku, elfu tano kule, sarafu zinasimamishwa kumi kumi. Bahasha za ahadi zinafunguliwa moja moja na namba ya kila bahasha inaingia kwenye daftari. Anayehesabu siye anayeandika. Jumla ikipatikana wote wanatia saini, na Jumapili inayofuata mtu anasimama mbele ya washarika kuisoma. Mama aliyeleta mayai kumi anasikia kwa masikio yake jinsi matoleo ya mnada yalivyofika.

Fedha ya misheni haipiti hapo. Inatoka ng'ambo, inaingia akaunti ya mradi, taarifa inaandikwa kwa Kiingereza kila robo mwaka na kurudi ilikotoka fedha. Washarika wanaona gari, tenki la maji, na bango lenye nembo mbili. Mwinjilisti anayeajiriwa chini ya mpango wa namna hiyo halaumiki akijua mapema ni nani wa kumridhisha. Mama wa mayai hayumo.

Kwa hiyo ninapoulizwa swali lile la mmisionari na viongozi, naanzia kwenye hesabu kabla ya mtaala. Mtu hukua akimtazama yule anayemtolea hesabu. Kama hesabu inasomwa ng'ambo, utapata mwandishi hodari wa ripoti. Ikisomwa kwenye mtaa wake, huenda ukapata mchungaji.

Kilimanjaro imewahi kupitia jambo hili bila kulipanga. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Ujerumani, waliingia Machame mwaka 1893. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alijifunza Kichagga mpaka akawa anaandika sheria za Wachagga, na usharika wake akaujenga juu ya ukoo, ujirani na rika. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo mzungu alibaki kuwa baba wa nyumba. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1920 Waingereza wakawa wamewaondoa Wajerumani. Walimu wenyeji na wazee ndio waliobaki na shule, ibada, mafundisho ya ubatizo na ugomvi wa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Kanisa halikufa. Wajerumani walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta linatembea, na wakashika tena usukani. Wachungaji wenyeji wa kwanza wa eneo hili walibarikiwa mwaka 1934. Piga hesabu mwenyewe: miaka 41 tangu kuingia, na kama 14 tangu walimu wale waonyeshe kwamba wanaweza. Stefano Moshi akawa askofu mwaka 1960, na makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT, kanisa moja la Kilutheri la nchi nzima, mwaka 1963 ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza.

Wengi hapa Arusha tunadhani neno kujitegemea lilizaliwa nyumbani kwetu, kwa Azimio la mwaka 1967. Henry Venn, katibu wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana kule London, alikuwa na wazo hilo tangu katikati ya karne ya 19: kanisa lijitawale, lijitegemee, lijieneze. Alimpigania Samuel Ajayi Crowther hadi akawekwa kuwa askofu mwaka 1864, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Anglikana. Lakini neno la mwisho juu ya fedha na watumishi wa misheni ya Niger, kando ya mto huo katika Nigeria ya leo, lilibaki London. Venn alifariki mwaka 1873, na kufikia mwaka 1890 vijana wa Kiingereza walikuwa wanawasimamisha kazi watumishi wa askofu mzee mbele ya macho yake. Alikufa mwaka uliofuata, na aliyeshika nafasi yake alikuwa Mzungu. Cheo kilikuwa Niger, hesabu ilikuwa London.

Tuje kwenye semina. Tuseme watu 40, siku tatu, posho ya shilingi 50,000 kwa siku. Hiyo ni milioni sita kabla ya ukumbi, chai na vitafunio. Ikifika siku ya pili mchana ukumbi unaulizana posho inatoka saa ngapi, na siku ya tatu ni vyeti na picha. Simlaumu mwinjilisti anayeipokea, maana kwa wengine ni zaidi ya anachopata mtaani kwa mwezi. Namlaumu aliyepanga. Amewafundisha watu kwamba kujifunza ni kazi ya kulipwa, na mmisionari anayekuja baada yake bila bahasha ataonekana bahili.

Kwa fedha hiyo hiyo unaweza kuchukua watu wanane na kukaa nao siku mbili kila mwezi kwa miaka kadhaa. Nauli ya 10,000 kwa kila mmoja, mara kumi na mbili, ni 960,000 kwa mwaka. Chakula kipikwe na wenyeji wa usharika mnaokutania, kwa zamu, hata kama ni makande. Kila mmoja aje na kesi moja ya mwezi huo: msiba uliogombaniwa na pande mbili za ukoo, kwaya iliyogawanyika, daftari la hesabu lisilolingana na fedha iliyopo. Somo la Biblia na theolojia lijengwe juu ya kesi hizo, kisha warudi mtaani kulifanyia kazi. Wapresbiteri wa Guatemala walifika huko mwaka 1963: walipoona seminari ya mjini haiwafikii watu ambao tayari wanaongoza makanisa vijijini, wakawapelekea masomo waliko. Ndiyo chanzo cha theolojia kwa enezi. Haiondoi haja ya chuo. Makumira ipo pale Usa River tangu mwaka 1954, na atakayekwenda aende, ila likizo arudi kwenye mtaa uleule. Anayepelekwa ng'ambo miaka minne mfululizo mara nyingi hukuta mtaa wake una mtu mwingine, na yeye mwenyewe ameshazoea kuhubiria watu wengine.

Saini za benki ndilo jambo ambalo wamisionari wengi hulifanya mwisho. Mimi ningelifanya mapema. Mwaka wa kwanza wawe watia saini watatu, wawili wowote wanatosha, mmisionari akiwa mmoja wao. Mwaka wa pili abaki wa akiba tu. Mwaka wa tatu benki ipelekewe barua ya kumtoa. Kosa ninaloliona zaidi ni saini yake kufanywa ya lazima. Mwenyeji basi hawezi kukosea, na asipoweza kukosea hajifunzi kuamua. Aanze na fungu la diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, ambalo ni dogo na lina maamuzi magumu: bati za mjane, au ada ya mtoto wa mzee wa kanisa ambaye kila mtu anamwogopa?

Posho ya mwinjilisti isilipwe na misheni mkononi. Kama ni lazima kusaidia, fedha iingie kwenye hazina ya usharika, isomwe pamoja na sadaka, na ipungue: asilimia 80 mwaka wa kwanza, kisha 60, 40, 20, halafu basi. Mpango huu huvunjika mwaka wa tatu. Hapo ndipo pengo linaanza kuuma, wazee wanasuasua, na mmisionari kwa huruma anatoa mfukoni mwake kimyakimya. Toka siku hiyo hakuna atakayeamini kwamba mwaka wa tano upo. Wakati mwingine anakwenda likizo kwao na anayempokea hajui walikubaliana nini. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwenye mkutano mkuu wa usharika, nakala ibaki kabatini kwa mhazini.

Kijana mwerevu anayejua Kiingereza naye ana hatari yake. Mmisionari anamfanya mkalimani, kisha dereva, kisha afisa mradi, kwa mshahara unaomzidi mchungaji wake. Mtaa umempoteza kiongozi, na mchungaji amepata mpinzani. Dawa ni mmisionari ajifunze lugha, miezi sita bila kazi nyingine yoyote, ili asimhitaji huyo kijana.

Haya hayawahusu Wazungu peke yao. Makanisa yetu ya kaskazini yanatuma watu nje, Kongo na Msumbiji, na tunayabeba makosa tuliyotendewa. Mtu wa Machame anafika kaskazini mwa Msumbiji na katiba ya usharika wa nyumbani, na tenzi zetu za Kiswahili, mahali ambapo watu wanaongea Kimakua na ofisi zinataka Kireno. Mwaka wa pili anaandika barua kuomba mabati, na kule nyumbani tunafanya harambee kwa furaha bila kuuliza wenyeji walitoa nini, hata kama ni matofali ya udongo tu.

Daftari la kuandikia hesabu lipo kila duka la vifaa vya shule hapa Arusha mjini. Tunayemtuma apewe moja aende nalo, likiwa tupu. Vichwa vya safu vikaandikwe huko, kwa mwandiko wa mhazini wa huko.